Ukurasa wa Kumi na Saba

Saru, anayeshika nafasi yangu maktabani, aliniomba nimwandikie maelezo ya kazi kabla sijarudisha funguo. Alitaka kurasa mbili tu: ufunguo upi ni wa mlango upi, dirisha gani halifungi, fundi wa paa anaitwa nani. Hayo nimeyaandika nyuma ya kalenda na kuyabandika ndani ya mlango wa kabati. Haya mengine hakuyaomba, lakini atayapata, yeye na wote watakaoketi kwenye ile meza baada yangu.

Habari za vyeo msizitafute humu. Maktaba yetu ya jumuiya ni chumba kimoja na nusu nyuma ya soko la Voi, na mtu akiuliza njia ya kwenda maktaba hutumwa kwingine. Niliingia nikiwa msaidizi wa mkutubi, nikatoka nikiwa mkutubi. Kati ya hapo hakukuwa na ngazi nyingine ya kupanda isipokuwa ile ya mbao ya kufikia rafu ya juu, nayo ilivunjika.

Siku yangu ya kwanza nilipokewa na Mzee Mwanyumba, mkutubi wa wakati huo, mtu wa kwetu Werugha aliyevaa sweta katika joto la Voi kama vile baridi ya milimani ingemfuata mpaka huku. Nilidhani atanionyesha vitabu. Hakunionyesha hata kimoja. Alifungua droo, akatoa muhuri wenye mpini wa mbao na uso wa umbo la yai, akauweka mbele yangu pamoja na pedi ya wino wa zambarau.

"Kila kitabu kinagongwa mara mbili," akasema. "Mara ya kwanza kwenye ukurasa wa jina. Mara ya pili kwenye ukurasa wa kumi na saba."

"Kwa nini wa kumi na saba, Mzee?"

"Mwizi huchana ukurasa wa kwanza. Wa kumi na saba hana habari nao. Na unagonga katikati kabisa, si pembeni, maana pembeni atakata kwa wembe."

"Na kama kitabu hakifiki ukurasa wa kumi na saba?"

Alinitazama kwa huruma. "Hicho si kitabu, mwanangu. Hicho ni barua."

Siku tatu nzima nilifanya mazoezi kwenye magazeti makuukuu. Ukigandamiza sana, wino unavuja. Ukiogopa, unapata nusu yai. Unashusha mkono mara moja, unahesabu moja, unainua. Wino wetu haukuzuia kusoma, kwa kuwa herufi nyeusi huonekana vizuri chini ya zambarau. Kufikia mwisho wa mwaka niliweza kugonga huku naongea na mtu, macho yangu yako mlangoni, na muhuri ukatua katikati ya ukurasa bila kukosea. Nilijivunia jambo hilo kuliko cheti chochote. Mlikumbuke, tutalirudia.

Zana nyingine ni karai. Lilikuwa pale mlangoni kabla yangu, na natumaini litabaki: karai la maji, kipande cha sabuni, na taulo. Hakuna anayegusa kitabu kabla ya kunawa, awe mwenyekiti wa kamati au mchoma makaa. Ni kwa ajili ya karai hilo nilimfahamu Mwadime.

Mwadime ni fundi wa pancha huko Miasenyi, kando ya barabara kuu, na mara ya kwanza alipokuja mikono yake ilikuwa na grisi iliyoingia mpaka kwenye mistari ya viganja. Alinawa mara tatu. Maji yakawa meusi, nikamwaga, akanawa tena bila kunung'unika. Alitaka kitabu cha injini za dizeli. Aliniambia waziwazi kwamba aliacha shule darasa la tano na kwamba husoma polepole, "kama lori linalopanda mlima, Madam, lakini linafika." Nikampa. Kitabu hakikurudi. Nilipomtumia ujumbe alijibu kwamba ndovu ameingia jikoni kwake usiku akakanyaga kila kitu, kitabu kikiwemo.

Jamani, nimesikia visingizio. Mtoto alitapika, mbuzi alikula, shemeji alisafiri nacho. Nikamwambia aniletee barua ya chifu. Wiki iliyofuata akaja na barua ya chifu, imegongwa muhuri, ikithibitisha ndovu. Pamoja nayo alileta kitabu chenyewe, bapa, kina alama ya duara kubwa juu ya jalada. Nilikishona upya kwa uzi na gundi, nacho kipo mpaka leo, rafu ya tatu. Tangu siku hiyo Mwadime akawa msomaji wangu. Sitaficha, alikuwa msomaji niliyempenda kuliko wote.

Sasa twende kwenye katuni.

Bi Rukia ni mshonaji, cherehani yake iko kwenye kibaraza ng'ambo ya kichochoro chetu. Alikwenda Mombasa kwenye arusi ya dadake, akarudi na kijitabu cha picha, akaja nacho mezani kwangu.

"Bi Mghoi, mbona hiki hamna?"

Nikakitazama. Jaladani kulikuwa na mwanamke mwenye kofia ya chuma iliyomfunika uso mzima, amepiga mguu chini, ardhi imepasuka. Kinaitwa *Kishindo*. Nikamwambia, "Bi Rukia, hapa ni maktaba, si kinyozi."

"Hebu kisome kwanza."

"Nina kazi."

Alikwenda moja kwa moja kwa kamati, mwanamke yule, na kwa kuwa ndiye aliyewashonea wake wa wanakamati karibu wote sare za kwaya, wakakubali. Ikaamuliwa tupokee nakala moja ya kila toleo jipya, ije kwa basi kama kifurushi. Nilizipanga kwenye rafu ya chini kabisa, karibu na ripoti za mifugo, nikatarajia zife kifo cha kawaida.

Hazikufa. Ndani ya miezi michache nilikuwa na wasomaji kumi na wawili wa *Kishindo*, watu wazima na akili zao, na kila Jumamosi asubuhi wakaketi kuizungumzia. Nakala ni moja, kwa hiyo ilizunguka kwa zamu, kila mtu siku mbili, na mjadala haukufunguliwa mpaka wa mwisho awe amesoma. Siku moja mwalimu mmoja aliyetoka Mata kwa basi la alfajiri alisimama mlangoni, hata hajanawa, akatangaza kwa sauti ni nani aliyekufa kwenye toleo jipya. Nusura wampige. Nikaandika tangazo kwa herufi kubwa na kulibandika ukutani: KUFICHUA NI MARUFUKU. ATAKAYEFICHUA ATASOMA WA MWISHO. Msisahau kwamba tangazo hilo liliandikwa kwa mkono wangu.

Hadithi yenyewe, kwa faida ya msioijua, ni hii. Kuna mji unaitwa Mto Mkavu. Una reli, una mto wa mchanga mtupu, una mashamba ya mkonge na milima kwa mbali. Kila msomaji wetu aliapa kuwa mji huo ni Voi na kwamba wachoraji wanaogopa tu kusema. Kuna adui, Bwana Vumbi, anayejifunga kitambaa usoni na anayetaka kuuza mto. Na kuna Kishindo, anayepiga mguu chini na dunia ikatetemeka. Hakuna anayejua ni nani. Mchana ni mtu wa kawaida wa mji ule, anapiga foleni ya maji kama wewe na mimi.

Hapo ndipo ugomvi ulipozaliwa. Mjini Mto Mkavu kuna fundi wa pancha wa kike anayeitwa Tabu, na kuna mshonaji anayeitwa Zena. Nadhani mmeshajua nani alimwamini nani.

"Madam, ni Tabu, hakuna swali," Mwadime angesema. "Angalia vile anasimama. Huyo ni mtu ameshinda akiinua jeki."

"Tabu wapi!" Bi Rukia angemkata. "We Mwadime, wamwona huyo mguu? Huo ni mguu wa cherehani. Wangu huu umekanyaga miaka ishirini. Nikikupiga teke hapa utaamkia Mwatate."

"Na kofia ya chuma alitoa wapi? Cherehani inachomelea?"

"Na joho lake nani kamshonea? Jeki?"

Wakawekeana sharti mbele ya watu wote. Kishindo akiwa ni Zena, Mwadime atavaa dera alilolishona Bi Rukia Jumamosi nzima. Akiwa ni Tabu, Bi Rukia atakwenda Miasenyi kufungua gurudumu la trela kwa mikono yake. Wakashikana mikono. Mimi nilikuwa mezani nikibandika karatasi za khaki kwenye majalada, nikijisemea kwamba watu hawa hawana shughuli.

Toleo la tisa lilitangazwa kwa kelele: mwishoni mwa la nane iliandikwa kwamba sasa kofia itavuliwa. Kifurushi kilikuja Jumatano. Asubuhi hiyo nilikuwa nimejaza pedi wino mpya. Kilipofika nilikuwa kwenye simu na karani wa mizigo, nikimgombeza kuhusu kifurushi kingine kilichochelewa. Simu begani, macho dirishani, nikagonga ukurasa wa jina, nikagonga ukurasa wa kumi na saba, nikapuliza, nikakiweka kwenye sanduku la zamu. Mkono wangu haukukosea hata unywele mmoja.

Wasomaji wakaanza kurudisha, mmoja baada ya mwingine, na kila mmoja alinitazama kwa namna fulani.

"Madam, wewe ni noma," Mwadime akasema, akitikisa kichwa.

Bi Rukia alinikonyeza. "Wallahi Bi Mghoi umetuweza. Lakini nimekuelewa."

Nilidhani wanasifu mpango wa zamu. Nikajibu, "Ndiyo kazi yangu." Mungu anisamehe, nilijibu hivyo na kutabasamu.

Jumamosi ya kwanza baada ya zamu kwisha, chumba hakikutosha. Tuliazima viti vya kanisa la jirani. Wiki iliyofuata wakaja watu wa Mwatate na mama mmoja kutoka Salaita, wakabishana kuhusu umbo la sikio, rangi ya shingo, na kipande cha nywele. Toleo la kumi na la kumi na moja yakarudi nyuma kusimulia utoto wa shujaa, kwa hiyo hayakumaliza ubishi. Ukitaka kuchungulia kwenye simu, walikubaliana, wewe si mmoja wetu. Mwenyekiti wa kamati alipita akaona umati, akanipongeza. Nikapokea pongezi pia. Sikuwa nimesoma ukurasa hata mmoja.

Halafu kukaharibika.

Ilikuwa Jumamosi ya joto, kila mtu ana hasira za joto. Mwadime alikuwa ameandika sababu zake kwenye daftari, saba, na alikuwa akizisoma polepole kwa kidole. Alipofika ya nne akakwama kwenye neno. Bi Rukia akapoteza subira.

"Ebo! Mtu wa pancha aliyeacha shule darasa la tano, ndiye atakayenifunza mimi kusoma?"

Naamini angeyameza maneno yale kama yangemezeka, maana aliweka mkono mdomoni papo hapo. Mwadime alifunga daftari lake. Akaenda mlangoni, akanawa mikono kwenye karai, mikono iliyokuwa safi tayari, akaipangusa kwa taulo, akaondoka.

Jumamosi iliyofuata hakuja. Wala ile nyingine. Bi Rukia akaja mara moja, akakaa pembeni, akaacha kuja. Wengine wakapungua, kwani kubishana bila wale wawili ilikuwa kama kula ugali mtupu. Mwenyekiti alipita tena, akaona viti vitupu, na safari hii alikuja na futi ya kupimia. Akapima ule ukuta wa rafu ya katuni. Akasema mashine ya fotokopi ingekaa pale vizuri.

Nikaumia, jamani. Sikuumia kwa ajili ya rafu. Niliumia kwa Mwadime, mtu aliyepanda mlima ule polepole miaka yote, akashushwa mbele ya watu ndani ya chumba changu, nami nimeketi na gundi mkononi. Nikasema ngoja angalau nijue wanagombania nini. Nikachukua toleo la kwanza.

Nilisoma manane mfululizo. Chai yangu ilipoa, nikaipasha, ikapoa tena. Aliyesema ni vitabu vya kinyozi alikuwa mjinga, na mjinga huyo ni mimi. Nikafika la tisa. Ukurasa wa kumi na sita, Kishindo anashika kofia kwa mikono miwili. Mkabala wake ni wa kumi na saba, ukurasa wa mwisho wa hadithi. Picha ni moja, ndogo, ya mviringo, katikati kabisa ya ukurasa, ya rangi hafifu isiyoweza kushindana na wino kama herufi nyeusi. Na juu yake, mzima, safi, bila nusu yai, muhuri wangu wa zambarau. Chini ya jina la maktaba yetu kulikuwa na nywele kidogo na nusu ya sikio.

Nililitazama tangazo ukutani. KUFICHUA NI MARUFUKU. Ndipo nikaelewa kukonyezwa na "umetuweza". Walidhani nimeziba uso ule makusudi, kwamba mkutubi wao mkali ameifikisha sheria yake mwisho.

Mzee Mwanyumba angekuwa hai angenirudisha kwenye magazeti makuukuu. Miaka thelathini na mmoja sijaharibu kitabu cha mtu, na nilipoharibu nikachagua sentimita chache ambazo watu kumi na wawili walizingojea mwaka mzima. Sitawadanganya, wazo la kunyamaza lilinijia. Hakuna aliyejua. Ningesema nilikusudia, heshima yangu ingebaki kwenye rafu yake. Lakini kila nikifikiria hivyo niliiona ile mikono safi ikinawa.

Nikaagiza nakala nyingine kwa simu. Ilipofika sikuifungua. Niliibeba ikiwa ndani ya bahasha yake mpaka kibarazani kwa Bi Rukia, nikamweleza yote, nimesimama kama mwanafunzi aliyevunja dirisha.

Alicheka kwanza. Alicheka mpaka akashika cherehani. Kisha kicheko kikamgeuka, macho yakajaa.

"Yaani mimi nimemvunjia mtu heshima kwa sababu ya wino?"

"Wino ulikuwa wangu. Maneno yalikuwa yako."

"Kweli," akasema. Akafunika cherehani. "Twende Miasenyi."

Tulimkuta Mwadime chini ya kivuli cha mabati yake, tairi zimepangwa huku na huku, na trela moja imeegeshwa ikisubiri kubadilishwa gurudumu. Alituona. Alisema "Karibuni" kwa sauti ile wanayotumia watu kwa wateja wasiowajua. Nikaanza kueleza kuhusu muhuri. Nilieleza vibaya, nikarudia, nikaeleza vibaya zaidi. Alisikiliza bila kunikata, na mwisho akaonyesha bahasha kwa kidevu.

"Kwa hivyo hapo ndani ndiyo uso wenyewe uko."

"Ndiyo. Hakuna aliyeufungua."

Bi Rukia hakungoja. Alikuwa ameshapandisha buibui na kulifunga kiunoni kwa leso. "Nipe spana."

"Ya nini? Si hata hatujafungua. Unaweza kuwa umeshinda."

"Najua. Mimi nimeshindwa kabla ya kufungua. Nipe spana, Mwadime, nisilie hapa mbele ya madereva."

Akampa. Bi Rukia aliivisha spana kwenye nati ya kwanza, akavuta, haikusogea. Akaning'inia, haikusogea. Dereva wa trela akaita wenzake waje waone. Basi mama wa watu akapanda juu ya mpini wa spana kwa ule mguu wa cherehani, akakanyaga. Akakanyaga tena. Nati ikalia kama inachinjwa, ikaachia. Madereva wakapiga honi, magari yaliyokuwa yakipita nayo yakapiga honi bila kujua kwa nini, na Mwadime, aliyekuwa amekaza uso kama jiwe, akashindwa. Alicheka mpaka akachuchumaa.

Bi Rukia alizitoa nati zote kumi. Alipomaliza mikono yake ilikuwa nyeusi hadi viwikoni. Mwadime akaingia ndani, akatoka na karai, maji, na sabuni. Akaliweka mbele ya Bi Rukia, na akamshikia taulo.

"Hakuna kugusa kitabu bila kunawa," akasema.

"Nisamehe, kaka yangu."

"Nawa, Bi Rukia. Yameisha."

Ndipo tukafungua. Ukurasa wa kumi na tatu, wa kumi na tano. Nikawaachia wageuze wenyewe. Uso uliokuwa pale haukuwa wa Tabu, wala wa Zena. Ulikuwa wa Mama Chai, yule mwanamke mnene mwenye birika anayeonekana pembeni katika kila toleo, anamimina chai, hasemi neno. Tangu toleo la kwanza yuko pale. Hakuna hata mmoja kati ya kumi na wawili aliyewahi kumtaja.

Kisha Mwadime akasema, "Kumbe sote hatujui kusoma."

Bi Rukia akamshika bega, nao wakacheka tena, nami nikacheka huku nafuta macho kwa lile taulo lenye grisi.

Jumamosi iliyofuata nilisimama mbele ya wote nikakiri. Mwadime aliketi mstari wa mbele ndani ya dera la maua ya manjano, kwa kuwa walikubaliana kwamba wote wawili wameshindwa, na wote walipe. Lilimpendeza, mwenyewe alisema lina hewa. Mwenyekiti alipokuja na futi yake akakuta umati na mwanamume ndani ya dera anasoma kwa sauti sababu saba za nadharia mpya. Akarudisha futi mfukoni. Fotokopi ikawekwa kule kwenye nusu chumba. Na chini ya tangazo langu la zamani nikaongeza jingine, la wafanyakazi: SOMA UKURASA KABLA YA KUUGONGA.

Hayo ndiyo maelezo ya kazi, Saru, kama unatafuta la kukariri.

Limebaki la siku ya mwisho. Waliniandalia kimanga, ule mseto wetu wa mihogo na maharagwe, na chai, mwenyekiti akatoa hotuba iliyokuwa na mapumziko mengi kuliko maneno. Watu hufikiri anayestaafu huogopa uzee. Mimi niliogopa Jumamosi. Nilijiona niko nyumbani Werugha nikichambua maharagwe saa nne asubuhi, na huku chini Voi wao wanabishana, na hakuna anayenihitaji hata kwa kuuliza taulo liko wapi. Nililifikiria hilo hotuba nzima.

Kifurushi kikafika katikati ya chai. Toleo jipya. Jaladani iliandikwa kwamba leo, baada ya yote, kitambaa cha Bwana Vumbi kitafunguliwa. Chumba kizima kikasimama. Saru akachukua muhuri, kwa kuwa ni kazi yake sasa, akafungua pedi, akaanza kutafuta ukurasa wa kumi na saba ili ausome kwanza kama sheria inavyotaka.

"Ngoja," Mwadime akasema. Akamtazama Bi Rukia, naye akaitikia kwa kichwa. Nikajua walishalizungumza. "Madam, tangu tujue ni Mama Chai, kuna Jumamosi zingine tumekaa hapa tukikubaliana. Tunakubaliana, Madam! Mara ya mwisho Bi Rukia alilala."

"Nililala," Bi Rukia akasema. "Hebu tuachie kitu, Bi Mghoi."

Nikamtazama Saru. Mtoto yule ana akili, alinisukumia muhuri.

Nikanawa mikono. Nikageuka, nikawapa mgongo wote, nikafungua ukurasa wa kumi na saba, na nikautazama kwa makini. Uso wake ulikuwa pale, wazi, katikati. Nikamwona ni nani. Nilishtuka mpaka nikasema "Alaa!" na nyuma yangu watu kumi na wawili wakaguna kwa pamoja.

Kisha nikachovya muhuri kwenye wino, nikashusha mkono, nikahesabu moja, nikainua. Palepale. Mzee Mwanyumba anisamehe, na nyinyi wengine msithubutu kuiga.

Leo ni Jumamosi. Niko Werugha, maharagwe yako mapajani, na imetimia saa nne na dakika tano. Simu imeshaita mara mbili. Ya kwanza ilikuwa ya Bi Rukia, alitaka kujua kama Bwana Vumbi ni yule stesheni masta wa Mto Mkavu. Nikamwambia maharagwe yamezaa vizuri mwaka huu. Sasa inaita tena, naona ni Mwadime, na najua ana daftari mbele yake.

Namjua Bwana Vumbi. Hapa Taita nzima ni mimi peke yangu ninayemjua, na sina haraka.